Ndoo Moja Iliyookolewa



Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi habari ya maji. Pengine mtu wa delta ya Rufiji atacheka, aseme, "Sisi tumezungukwa na maji pande zote, ya nini kutufundisha kuyaweka akiba?" Neno lake lina kweli ndani yake. Mto Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, ya Ruaha Mkuu na ya Luwegu, ukayaleta mpaka baharini kuelekea kisiwa cha Mafia. Nao ukikaribia pwani hugawanyika mikono mingi katikati ya mikoko. Walakini mwulizeni mama wa nyumba aliye huko wakati wa kiangazi, maji ya kunywa ameyapata wapi. Ndipo mtakapojua ya kuwa maji ya kutazama si maji ya kunywa.

Sababu yake ni hii. Bahari ikijaa, hasa siku za bamvua, maji ya chumvi hupanda mtoni. Wakati wa masika mto una nguvu, huyasukuma yarudi. Lakini kiangazi nguvu za mto hupungua, na chumvi huingia mbali zaidi. Hapo wenye mitumbwi hawana budi kupiga kasia kufuata maji baridi, au kungoja bahari ipwe ndipo wateke.

Visima navyo vina desturi yake. Mahali penye mchanga karibu na bahari, maji ya mvua yaliyozama hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa maji baridi ni mepesi zaidi. Mtu akiteka kidogo kidogo, yale ya juu hudumu. Akiteka kwa pupa, au akichimba kwenda chini sana, chumvi hupanda, na kisima kilichokuwa kitamu huharibika. Basi kisima cha namna hii ni kama ghala ya nafaka: achotaye kwa kiasi hula mpaka mavuno.

Na juu, upande wa Kibiti, shida ni nyingine. Nchi ile ina mchanga mwingi. Mvua hunyesha, maji huzama upesi, na juu pakabaki pakavu. Wazee wakumbuka kwamba mwaka 1968, baada ya mafuriko, watu wengi wa bondeni walianza kuhamishwa kwenda kukaa katika vijiji vya juu. Waliepuka gharika, lakini maji waliyoyazoea mlangoni yakawa mbali.

Tena liko jambo linalotuhuzunisha kuliko yote. Mto Rufiji una mamba, nao wamewadhuru watu wengi, hasa wanawake na watoto waliokwenda kuteka au kufua. Kwa hiyo ndoo moja iliyookolewa nyumbani si ndoo moja tu. Ni safari moja iliyopungua, na mtoto mmoja asiyesimama leo ukingoni mwa mto.

Basi tufanyeje? Twataja mambo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya.

Kwanza, tuyapokee maji ya mvua. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya paa la mita moja mraba huleta lita moja ya maji. Nyumba yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 ina eneo la mita 48 mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo wakati wa masika si mvua kubwa, itakuletea lita 480. Hata tukitoa sehemu moja katika tano kwa ajili ya kumwagika, zitasalia lita 384, yaani ndoo 19 za lita 20. Paa la bati lafaa zaidi kwa maji ya kunywa. Maji ya makuti huwa na rangi na takataka, bali kwa bustani hayana neno. Mfereji waweza kufanywa kwa bati lililokunjwa, au kwa mwanzi uliopasuliwa katikati. Maji ya kwanza ya mvua yaacheni yapite, maana yaosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Pili, tuyatunze tuliyoyapata. Pipa lisilo na kifuniko ni nyumba ya mbu, na mbu waleta malaria, matende na homa ya dengi. Lifunikeni, tena kwa kitambaa safi kilichofungwa sana pande zote. Kata ya kuchotea itundikwe. Isiachwe chini, wala mtu asitie mkono mtungini. Maji ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote, kisha yapoeni katika chombo kilichofunikwa.

Tatu, maji yafanye kazi mara mbili. Maji yaliyooshea mchele au mboga yasimwagwe uani, bali yapelekwe kwenye mboga. Maji ya kusuuzia vyombo na nguo yapelekwe kwenye mgomba au mpapai. Wazee wa pwani walipanda migomba nyuma ya bafu, wala hawakufanya hivyo bure. Ila maji yenye sabuni nyingi yasimwagwe juu ya majani ya mboga. Nyumba ikiokoa ndoo 2 tu kila siku, kwa mwezi wa siku 30 itakuwa imeokoa ndoo 60, yaani lita 1,200. Haba na haba hujaza kibaba.

Kwa kunawa mikono, fanyeni kibuyu chirizi: chombo kidogo kilichotobolewa tundu na kutundikwa mtini, chenye kamba ya kukanyagia. Maji hutoka membamba, mikono husafika, na lita moja huwatosha watu wengi kuliko ikimwagwa kwa kopo.

Nne, tuje bustanini. Hapa Warufiji wana elimu ya zamani. Mafuriko yakiisha kupungua, hulima mlau, yaani hupanda katika udongo ulioshiba maji ya mto, na mazao hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Maana yake ni kwamba udongo wenyewe ni mtungi. Kazi yetu ni kuufunika. Tandazeni nyasi kavu au majani ya mpunga kati ya miche ya mchicha, bamia na nyanya, unene wa vidole vinne, bila kugusa shina. Jua halitaufikia udongo, na unyevu utadumu. Chini ya mnazi au mpapai fukieni makumbi ya nazi. Hunyonya maji na kuyatoa polepole. Katika nchi ya mchanga kama ya Kibiti, matuta yasiinuliwe juu. Heri kuyashusha kidogo chini ya usawa wa ardhi, na kuyatia samadi ili maji yasikimbie. Tena mwagilieni asubuhi na mapema au jioni, kwenye shina, si kwenye majani. Mtungi wa udongo usiopakwa rangi, uliofukiwa mpaka shingoni na kujazwa maji, hutoa jasho polepole na kunywesha mimea iliyo kando yake. Ufunikeni mdomo wake. Nanyi mlio karibu na maji ya chumvi, yaonjeni kabla ya kumwagilia. Maharage na mboga nyingi hufa kwa chumvi, mnazi huvumilia.

Ninyi walimu, jambo hili lina hesabu njema ya kuwafundisha watoto. Wapeni kamba, wapime paa la shule. Likiwa na mita 20 kwa 8, watahesabu wenyewe ya kuwa mvua ya milimita 10 ni lita 1,600. Kisha waulizeni, maji haya yamekwenda wapi miaka yote hii?

Mtu asiseme kwamba mafuriko yakija shida ya maji imekwisha. Aprili 2024 maji yalifunika nyumba na mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti, na Mei 4 mwaka huo kimbunga Hidaya kikafika Mafia. Siku kama hizo maji hujaa mpaka vitandani, lakini maji ya mafuriko huingia chooni na kisimani pamoja, yakachafua yote. Mwenye pipa safi, lililofunikwa na kuwekwa mahali pa juu, ndiye mwenye maji. Naye jirani asiye na kitu hubisha kwake hodi. Ni vema apate cha kumpa.

Basi msingoje kiangazi. Kabla ya mvua kurudi, tazameni paa, mfereji na pipa lenu. Anzeni na ndoo moja.