Kutu Isiyoonekana Chini ya Boneti



Majira ya baridi yaliyopita gari letu lilizimika ghafla katika barabara kuu, wajukuu wakiwa kiti cha nyuma na malori yakitupita kwa kasi. Fundi wa kwanza alibadilisha betri. Wa pili akabadilisha pampu ya mafuta. Fedha zikaenda, ugonjwa ukabaki. Wa tatu, kijana wetu wa Mombasa, alichomoa plagi ndogo ya nyaya, akaichomeka tena, na gari likawaka. Nilifurahi, yeye hakufurahi. "Mwalimu," akasema, "hapa sijatibu. Nimepangusa tu."

Alisema kweli. Pini za plagi nyingi za magari ni za shaba iliyopakwa bati. Mtetemo wa injini, pamoja na joto na baridi, huzisuguanisha kwa mwendo mdogo kuliko unene wa unywele. Kila msuguano huparura bati. Bati jipya likikutana na hewa hufanya kutu ngumu isiyopitisha umeme. Vumbi la kutu hiyo hurundikana mahali pini zinapogusana, hata umeme ukawa unakatika na kurudi. Kuchomoa plagi hupangusa vumbi, lakini msuguano ukiendelea, maradhi hurejea.

Ndiyo maana watengenezaji huzijaribu plagi kabla ya kuziuza. Hufungwa juu ya meza ya kutetemesha, zikatikiswa kwa saa nyingi katika pande tatu: juu na chini, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Wakati huo umeme hupitishwa ndani yake, na chombo huchunguza iwapo umekatika. Kipimo kinachotumika sana ni kwamba usikatike hata kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ukinzani nao hupimwa kabla na baada, kwa sehemu za elfu za omu.

Dhahabu haishiki kutu. Kwa hiyo plagi za mifuko ya hewa inayokinga abiria kwa kawaida hupakwa dhahabu. Lakini dhahabu haifai kuunganishwa na bati, kwani vumbi la bati huhamia juu yake na kuiharibu.

Basi gari likizimika na kuwaka lenyewe, mweleze fundi linapofanya hivyo: katika mashimo, au katika baridi? Mwombe akague plagi kabla ya kununua vipuri. Asizipige msasa, maana msasa huondoa bati. Abadilishe pande zote mbili, za madini ya aina moja, kisha azifunge nyaya zisicheze.

Yetu ilitengenezwa hivyo, kwa gharama ndogo kuliko ile betri, na haijazimika tena. Nami nimejifunza uzeeni kwamba kitu kilichopona bila sababu kujulikana hakijapona. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.