Mama, Mzigo Umefungwa?

Msimu wa mavuno ni wakati wa furaha nyumbani. Lakini kwetu sisi wauguzi wa vijijini, huo pia ni msimu wa mifupa iliyovunjika.

Jioni moja tulimpokea mama aliyeanguka kutoka juu ya magunia ya mahindi. Tela lilivutwa na trekta, naye alikaa juu kabisa, mtoto mgongoni. Kwenye mteremko magunia yaliteleza, akaanguka nayo. Mtoto alipona kwa neema ya Mungu; mama alivunjika paja. Mumewe alituambia kwa machozi kwamba kamba ilikuwepo, chini ya kiti cha dereva. Walikuwa wakiwahi giza. Sehemu kubwa ya mahindi yale iliuzwa kulipia matibabu.

Ndugu zangu, tusiseme hayo ni mambo ya wanaume. Mahindi ni ya familia, na watoto ni wetu. Kabla ya safari, mwombe baba watoto kwa upole mkague pamoja mambo haya:

1. Uzito. Magunia 20 ya kilo 100 ni tani 2, na lumbesa huzidi hapo. Ni heri kwenda safari mbili.

2. Mpangilio. Vizito vikae chini na katikati, vikielekea mbele ya ekseli kidogo. Uzito ukizidi nyuma, tela huyumba.

3. Kamba. Zipite juu ya mzigo toka upande mmoja hadi mwingine, mbele na nyuma. Turubai peke yake halizuii gunia. Baada ya kilometa chache simameni mkaze tena, maana mtikisiko hushindilia magunia na kamba hulegea.

4. Pini. Pini inayounganisha tela na trekta iwe na kifungio chake, na uwepo mnyororo wa kulishika tela pini ikichomoka.

5. Mteremko. Dereva aingize gia nzito kabla ya kuanza kushuka, wala asiitoe njiani. Mzigo husukuma kutoka nyuma, na breki zikipata moto huishiwa nguvu.

6. Watu. Asikae mtu juu ya mzigo wala kwenye mkono wa tela, hata utingo.

Ajali ikitokea, angalieni kwanza kama majeruhi anapumua. Damu ikitoka, kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi. Anayelalamika shingo au mgongo msimkalishe. Watu kadhaa wamwinue kwa pamoja, mwili umenyooka, na kumlaza juu ya ubao.

Katika Kumbukumbu la Torati 22:8, Mungu aliwaagiza Waisraeli waliojenga nyumba mpya waweke ukingo juu ya dari, mtu asije akaanguka. Hakuwaambia waombe tu. Kwetu sisi, ukingo huo ni kamba. Basi tuombe kabla ya safari, lakini kwanza tuitoe kamba chini ya kiti.