Mtoto Hakulogwa: Tuelewe Ugonjwa wa ALD

Mwezi huu tunaleta habari nzito kidogo, lakini tumeona hatuwezi kuinyamazia.

Mama mmoja wa hapa kambini alipata simu kutoka kwa yaya yake aliyehamishiwa Marekani na watoto wake. Kijana wa yaya, wa miaka saba, alikuwa anasoma vizuri tu. Halafu akaanza kuanguka-anguka, kutomsikia mwalimu, na kusahau herufi alizozijua. Waganga wa kule walipima damu na kupiga picha ya kichwa, wakasema: ni ALD, ugonjwa wa kurithi. Wakaongeza: "Dada zako wenye watoto wa kiume, uwaambie."

Mama huyu ana vijana wawili. Alikuja kwetu na maswali mawili. La kwanza: na wangu watapata? La pili alilisema kwa sauti ndogo: "Banasema sisi ni ukoo wa bachawi. Ni kweli?"

Tulimjibu la pili kwanza: hapana, mama. Si kweli.

Waya iliyochunwa ngozi

Ndani ya ubongo kuna sehemu nyeupe. Hapo zinapita nyuzi nyingi sana zinazopeleka habari kutoka kwenye macho na masikio, na kwenda mikononi na miguuni. Ni kama waya za sola. Kila waya ina ngozi ya plastiki. Ukiichuna, umeme unapotea na taa inazima. Ngozi ya nyuzi za ubongo imejaa mafuta, ndiyo maana sehemu hiyo inaonekana nyeupe.

Magonjwa ya kurithi yanayoharibu ngozi hiyo ni mengi, na yote pamoja yanaitwa leukodistrofia. ALD ni mojawapo. Jina lake refu ni adrenoleukodistrofia. Mwenye ALD amezaliwa na kosa dogo kwenye maagizo ya mwili. Kuna mafuta ya aina fulani ambayo mwili wake hauwezi kuyavunja. Yanajikusanya kwenye damu, kwenye ubongo, na kwenye tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo. Na mwili wenyewe unayatengeneza mafuta hayo. Basi tusiseme ni mawese, wala ni chakula cha mgao.

Ni ugonjwa wa nadra. Inakadiriwa mtoto 1 katika 15,000 hadi 20,000 wanaozaliwa.

Kosa si la mama

Mwanamke ana kromosomu X mbili. Moja ikiwa na kosa, nyingine inamsaidia. Mwanaume ana X moja tu, aliyopewa na mama yake. Hiyo ikiwa na kosa, hana ya akiba. Ndiyo sababu wavulana ndio wanaoumia zaidi. Kwa mama mwenye kosa hilo, kila mimba ni kama kurusha shilingi: nusu kwa nusu, awe wa kiume au wa kike. Baba mwenye ALD anawapa mabinti wake wote, na hawapi wana wake.

Wako akina baba wanaofukuza mke kwa jambo hili. Ndugu, huyo mama hakuchagua. Na yeye alipewa na mzazi wake, pengine baba. Wanawake wengi wenye kosa hilo miguu yao inakuwa mizito wakifika utu uzima. Wanaume wengine pia wanapita utoto salama, halafu miguu inadhoofika wakiwa wakubwa.

Dalili za kuangalia

Kwa wavulana wengine, hasa wa miaka 4 hadi 10, ubongo unashambuliwa: tabia inabadilika, masomo yanashuka, macho na masikio yanapungua, mwendo unaharibika. Ugonjwa ukishika hivyo, unakwenda haraka.

Dalili nyingine zinatoka kwenye zile tezi mbili: uchovu usioisha, kutapika, kukonda, kupenda sana chumvi, ufizi na mistari ya viganja kuwa myeusi kuliko zamani. Hizi msizidharau, maana zina dawa: vidonge vya haidrokotisoni vya kila siku. Mtoto anayevimeza asiviache ghafla, na akipata homa aone daktari upesi, kwa kuwa siku hizo anahitaji dozi kubwa zaidi.

Lorenzo na rafiki yake Mkomoro

Mtoto aliyejulikana zaidi kwa ugonjwa huu ni Lorenzo Odone. Alizaliwa mwaka 1978, akaishi utotoni visiwa vya Komoro, ambako baba yake alikuwa kazini. Mwaka 1984 waganga wa Marekani walitoa jina la ugonjwa na kusema amebakiwa na kama miaka miwili. Wazazi wake, ambao hawakuwa waganga, walisoma usiku na mchana mpaka wakapata mafuta ya kunywa yaliyoitwa kwa jina lake. Mwaka 1992 ikatoka filamu. Lakini tuseme ukweli: mafuta hayo hayarudishi kilichokwisha haribika. Lorenzo hakuweza tena kusema wala kutembea. Aliishi hadi Mei 2008, siku moja baada ya kutimiza miaka 30, kwa sababu ya kutunzwa. Mmoja wa waliomtunza ni Oumouri Hassane, rafiki yake wa Komoro aliyemfuata hadi Marekani.

Hugo Moser, mganga aliyesaidia kuleta kipimo cha damu cha ALD, naye utotoni alikimbia na familia yake kutoka Ujerumani ya Wanazi. Alikuwa mkimbizi kama sisi.

Leo iko tiba ya kupandikiza uboho, na tangu 2022 Marekani imeruhusu tiba ya kurekebisha maagizo yenyewe, ingawa wengine waliotibiwa hivyo wamepata kansa ya damu. Zote mbili zinataka mtoto agunduliwe mapema. Hapa kwetu ziko mbali.

Tufanye nini hapa?

Mtoto akipoteza alichokijua, mpelekeni zahanati kwanza. Mara nyingi ni kifafa, malaria ya ubongo au homa ya uti wa mgongo, na hayo yanatibika.

Mwenye ndugu aliyeambiwa ni ALD, amwombe picha ya karatasi ya majibu kwa simu, amwonyeshe daktari. Wavulana wa ukoo wapimwe damu hata kama hawana dalili. Ikibidi, omba rufaa.

Mgonjwa alishwe akiwa amekaa wima, chakula laini, polepole. Ageuzwe kitandani. Azungumzishwe, hata asipojibu. Na majirani, chukueni zamu siku moja ili mama alale.

Mama yetu alikwenda zahanati na karatasi ya yaya yake. Damu ya vijana imechukuliwa, majibu bado. Wao wanacheza mpira kama kawaida. Tunaomba wakipita, mtu asiwanyooshee kidole.

Mwenye swali atuletee. Tuonane mwezi ujao.