Sumu za mashambani zinavyostawisha konokono wa kichocho

Wakulima wengi hupulizia dawa za kuua wadudu wakati mimea ikiwa bado michanga, katika msimu uleule ambao mvua hunyesha kwa wingi. Mvua kubwa ikinyesha siku chache baada ya kupulizia, sehemu ya dawa hiyo husombwa pamoja na udongo, hupita katika mifereji na vijito, na hatimaye hufika mtoni.

Kwa kawaida wananchi hushtuka pale tu wanapoona samaki waliokufa wakielea juu ya maji. Hata hivyo, utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya na kuchapishwa mwaka 2020 umebainisha kuwa hata kiasi kidogo cha sumu, ambacho katika tathmini za mazingira huhesabiwa kuwa salama, kinaweza kuufungulia njia ugonjwa wa kichocho.

Utafiti huo uliwashirikisha wanasayansi wa kituo cha icipe cha Nairobi na wenzao wa Ujerumani. Walichunguza maeneo 48 yenye maji baridi katika nchi kavu inayopakana na Ziwa Victoria, wakapima viuatilifu vilivyomo na kuhesabu viumbe wanaoishi humo. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho walikutwa tu katika maji yaliyochafuliwa kwa viuatilifu na kurutubishwa kupita kiasi.

Sababu yake inatokana na tofauti za kimaumbile. Dawa nyingi za kuua wadudu hushambulia mfumo wa fahamu. Zikifika mtoni haziwezi kumtenganisha mdudu anayekula mahindi na mdudu wa majini asiye na hatia. Mabuu ya kereng'ende na wadudu wengine wachanga wa majini hudhurika mapema. Konokono, kwa upande wake, ni mstahimilivu. Katika majaribio ya maabara, konokono walistahimili dawa za imidaklopridi na diazinoni kuliko viumbe wengine wadogo wanaoishi nao.

Matokeo yake ni kwamba washindani wa konokono hupungua, naye hubaki na chakula na makazi peke yake. Mbolea inayosombwa pamoja na dawa hizo huongeza tatizo, kwa kuwa huotesha mwani ambao ni chakula chake. Hivyo kijito kinaweza kuonekana kizima, chenye maji maangavu na majani mabichi kandoni, kumbe mizani ya viumbe vyake imekwisha kupinda.

Kichocho husababishwa na minyoo. Mayai yake huingia majini kwa haja ndogo au kubwa ya mgonjwa, huanguliwa, na vijidudu vinavyotoka humwingia konokono. Humo hukua na kuzaliana, kisha hutoka wakiwa tayari kupenya ngozi ya binadamu anayeoga, kufua, kuchota maji au kuvua. Pasipo konokono, mzunguko huo hukatika. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu zaidi ya milioni 250 walihitaji tiba ya kujikinga na ugonjwa huo mwaka 2021, wengi wao wakiwa barani Afrika.

Dawa ya praziquantel huua minyoo iliyomo mwilini, lakini haimzuii mtu kuambukizwa tena. Mtoto aliyetibiwa shuleni akirudi katika kijito kilekile chenye konokono, anaweza kuugua upya.

Samaki nao hawapони, hata kama sumu haiwaui moja kwa moja. Nchini Japani, watafiti waliochunguza Ziwa Shinji, lililozungukwa na mashamba ya mpunga, walieleza mwaka 2019 kuwa viumbe wadogo wanaoliwa na samaki walipungua sana baada ya dawa za jamii ya imidaklopridi kuanza kutumika mwaka 1993. Wastani wa mavuno ya samaki aina ya wakasagi ulishuka kutoka tani 240 kwa mwaka hadi tani 22. Waliokosekana kwanza ni wadudu. Samaki walifuata kwa njaa.

Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya imidaklopridi katika mashamba ya wazi mwaka 2018, hasa kwa ajili ya kuwalinda nyuki.

Zipo hatua zisizohitaji gharama kubwa. Ukanda wa nyasi na miti kando ya mto hupunguza kasi ya maji na kunasa udongo wenye sumu. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu kingo za mito ndani ya mita 60. Aidha, mkulima anaweza kuahirisha kupulizia anapoona dalili za mvua, kuepuka kuosha bomba la dawa mtoni, na kupulizia pale tu wadudu wanapozidi, badala ya kufuata kalenda.

Watafiti hao wa magharibi mwa Kenya wanashauri kuwa hatua za kilimo ziingizwe katika mapambano dhidi ya kichocho. Maana yake ni kuwa bwana shamba na mganga wa wilaya, ambao kila mmoja ana ofisi yake na bajeti yake, wanashughulikia kijito kimoja. Iwapo mmoja atagawa vidonge huku mwingine akiacha sumu itiririke, fedha za tiba zitaendelea kutumika kila mwaka kwa wagonjwa walewale.