Paka ananuka dagaa, na dagaa hawakupikwa

Paka wa Bukoba akinuka samaki, nani atashangaa? Mji uko ufukweni mwa Ziwa Victoria, dagaa wanaanikwa Kemondo na kuuzwa mpaka vichochoroni Kashai, na paka wengi wa huku wanakula vichwa vya sato na makombo ya dagaa kuliko chakula kingine chochote. Ndiyo maana swali nililolisikia kwenye duka moja la dawa za mifugo mjini halijanitoka kichwani.

Mama mmoja alikuja kununua dawa ya minyoo. Paka wake anajiburuza makalio sakafuni, alisema, kisha akaongeza kama jambo la kupita tu kwamba siku hizi ananuka dagaa hata akiwa amelala. Mzee aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni akamuuliza kwa upole ni lini mara ya mwisho dagaa walipikwa nyumbani kwake. Mama akanyamaza, akahesabu. Wiki nzima hiyo walikuwa wamekula ndizi na maharage.

Yule mzee ni bwana mifugo. Amefanya kazi miaka mingi vijijini Muleba, kazi ya ng'ombe hasa: chanjo, uhimilishaji, ndigana kali, ng'ombe aliyeshindwa kuzaa usiku wa manane. Kutibu paka alijifunza pole pole, kwa kuitwa na watu ambao hawakuwa na mwingine wa kumwita. Aliniomba nisiandike jina lake kwa kuwa yeye si msemaji wa halmashauri, lakini habari ya ile harufu aliieleza kwa kirefu, na kwa uchungu wa mtu aliyeona wanyama wengi wakicheleweshwa.

Kwake yeye zipo harufu mbili, na pua ikishazoea haizichanganyi. Ya dagaa aliyeliwa inakaa mdomoni na kwenye ndevu za paka, na baada ya muda paka mwenyewe anajilamba ikaisha. Hii nyingine inatoka nyuma. Inakuja ghafla, hasa paka akishtuka au akibebwa vibaya, inaganda kwenye kanga na mto wa kiti, na ni kali kama dagaa walionyeshewa wakiwa kwenye gunia. Kwa hiyo jambo la kwanza anapoletewa paka ni kunusa mdomo. Mdomo ukinuka vibaya anaangalia meno na fizi. Mdomo ukiwa safi, anainua mkia.

Chini ya mkia, pande mbili za tundu la haja kubwa, kuna vifuko viwili vidogo, ukubwa wa punje ya njegere hivi. Ukiufananisha mduara ule na saa ya ukutani, viko panapoandikwa namba 4 na namba 8. Ndani yake hutengenezwa ute wenye mafuta na harufu ambayo paka hutumia kutambuana. Paka akijisaidia choo kigumu kiasi, misuli inavibana na ute kidogo unatoka. Mwenye paka haoni kitu.

Shida inaanza ute unapokuwa mzito, au choo kinapokuwa laini kwa siku nyingi kikakosa nguvu ya kuvibana, au vijia vyake vinapovimba na kuziba. Paka mnene yuko hatarini zaidi, na pia mwenye kuharisha mara kwa mara au anayewashwa ngozi. Mbwa wanaugua vifuko hivi mara nyingi zaidi kuliko paka. Uhaba huo, anasema bwana mifugo, ndio unaomponza paka, maana hakuna anayevifikiria. Watu wote wanafikiria minyoo.

Na minyoo ipo kweli. Tegu anayeletwa na viroboto huacha vipande vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele kwenye manyoya ya chini ya mkia, na paka huyo naye hujiburuza. Mzee hamkatazi mtu kununua dawa ya minyoo. Anachotaka ni mtu aangalie kwanza. Vipande vyeupe vikionekana, dawa ya tegu inahusika, na viroboto lazima washughulikiwe, la sivyo tegu atarudi. Visipoonekana, na paka analamba sehemu hiyo bila kupumzika, analia akienda haja au ameanza kujisaidia nje ya pale alipozoea, basi dawa ya minyoo itapoteza wiki ambazo paka hana.

Hapo ndipo sauti yake ilipopanda. Wiki hizo watu hawakai bure, wanajaribu. Wa kwanza anampa paka Panadol kwa sababu anamwona ana maumivu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mkubwa. Ini lake haliwezi kuivunja parasetamoli kama letu, damu inashindwa kubeba hewa, fizi zinageuka rangi ya udongo, uso na miguu vinavimba. Wa pili anaona kuwashwa, anachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyobaki kwenye chupa, anampaka. Dawa za kupe zenye sipamethrini, ambazo ng'ombe anazivumilia vizuri, zinaweza kumtetemesha paka mpaka akapata degedege. Wote wawili walikuwa wanamhurumia mnyama wao. Hilo aliliweka wazi kabla sijafikiria vingine, kwamba hajawahi kuletewa paka wa namna hiyo na mtu asiyempenda.

Nilimwona akifanya kazi siku moja, kwenye baraza la nyumba moja kando ya barabara ya Muleba. Paka aliwekwa kwenye kikapu, kikapu kikaning'inizwa kwenye mizani ya samaki, kikapu kitupu kikapimwa tena na kutolewa hesabuni. Kilo tatu na nusu. Bila uzito hafungui dawa yoyote, kwani chupa alizonazo zimeandikiwa wanyama wa mamia ya kilo, na kosa la mililita moja kwa ng'ombe si kosa lile lile kwa paka.

Kisha paka akaviringishwa kwenye kitenge, kichwa kikabaki nje upande wa mwenye nyumba ili asikie sauti anayoijua. Bwana mifugo akavaa glavu, akaweka pamba yenye maji ya uvuguvugu chini ya mkia, akasubiri. Alisubiri kweli, mpaka misuli ikalegea. Kidole gumba upande mmoja, cha shahada upande wa pili, akabana taratibu kutoka chini kwenda juu. Kifuko cha kushoto kikatoa ute wa kahawia, mzito kama dawa ya meno inayokauka. Cha kulia hakikutoa kitu, akaacha. Kulazimisha kunaweza kupasua kifuko kwa ndani. Alimwambia mama mwenye nyumba amrudishe paka baada ya siku mbili, na akamkataza asijifundishe kubana mwenyewe kila wiki, maana kifuko kisicho na tatizo kikibanwa-banwa kinapata tatizo.

Ute ukiwa na usaha au damu, hadithi inabadilika. Hapo ni maambukizi, na antibayotiki inahitajika kwa kipimo cha paka. Akicheleweshwa zaidi, jipu linapasuka pembeni ya tundu na kuacha shimo. Watu wengi wakiliona shimo hilo wanadhani paka ameng'atwa na mbwa au amepigwa jiwe na jirani, na ugomvi wa majirani umewahi kuanzia hapo. Jipu lililopasuka husafishwa kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na paka anavishwa kola asilambe. Kola za mzee zimekatwa kutoka filamu za zamani za eksirei, kingo zimezungushiwa plasta.

Na wapo wanaorudi. Vifuko vinasafishwa, vinaziba tena, jipu linakuja upande ule ule. Tiba ya hao ni kuviondoa kwa upasuaji, kazi ya daktari wa wanyama aliyesajiliwa, mwenye dawa ya usingizi na mkono uliozoea, kwa sababu mishipa ya fahamu ya misuli ya haja kubwa inapita karibu kabisa, na kisu kikikosea paka hatazuia choo tena. Bwana mifugo ana stashahada, na upasuaji huo hagusi. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bukoba. Nani atapanda basi na paka mwendo huo? Na paka huyo anayelinda gunia la maharage na kahawa ya familia mwaka mzima, anahesabiwa kwenye bajeti gani ya mifugo?

Nilimuuliza pia kama dagaa wenyewe ndio chanzo. Alitikisa kichwa. Paka wanaokula dagaa wakavu wakiwa wazima amewaona tele, na waliougua amewaona wakilishwa wali na mchuzi, choo kikiwa laini kila siku. Anachoshauri kwa sasa ni mwenye paka kuangalia choo cha paka wake, kila asubuhi, kabla ya kufagia.