Waliolala Ngomeni

Aingiaye Ngomeni leo hukimbilia kwanza mizinga na ukuta unaoelekea baharini, nasi hatumlaumu, maana upepo wa pale hauna mfano. Lakini katika ua mna mistari ya mawe ya matumbawe iliyo karibu sawa na ardhi, ambayo watoto huirukaruka kama mchezo. Hiyo ndiyo misingi ya nyumba za askari. Humo walilala, waliugua, na wengi walikata roho.

Malazi ya askari ni wepesi wa kusahaulika. Uwanja wa ndege wanaoondokea mahujaji wetu, ambao zamani ukiitwa Port Reitz, ulipanuliwa na wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ni msafiri gani leo aulizaye wanajeshi wale walilaza wapi mbavu zao? Ngomeni walau misingi ipo, nayo haikusalia kwa bahati tu. Tangu 1895 hadi 1958 Ngome ilikuwa jela. Jela ilipoondolewa, Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ulitoa fedha, na James Kirkman akachimba hadi kuzifikia athari za Wareno wa kwanza, walioanza ujenzi mwaka 1593. Makumbusho yakafunguliwa mwaka 1960.

Kisa tunachotaka kukisimulia ni cha mazingiwa makuu. Tarehe 13 Machi 1696 majeshi ya Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, yaliizunguka Ngome. Ndani mlikuwa na Wareno wachache, hata mia hawakutimia, na mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao, wake kwa waume. Mizinga iliua, lakini maradhi yaliua zaidi. Msaada ulioletwa na merikebu mwishoni mwa mwaka ule haukufaa sana, kwani tauni iliwapukutisha waliokuja kama ilivyowapukutisha waliowakuta.

Ilipofika kusi ya 1697, Wareno wa Ngomeni walikuwa karibu wote wamekufa. Ulinzi ulikuwa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, pamoja na jamaa zake 17, wanaume wa Kiafrika 8 na wanawake wa Kiafrika 50.

Tuisome tena hesabu hiyo. Hata tukiwafanya jamaa wote wa Bwana Daud kuwa wanaume, wanawake walikuwa karibu maradufu yao. Ngome ambayo vitabu huieleza kwa majina ya makapteni na maimamu ilifika mahali ikawa imesimama kwa wanawake hamsini, katika vyumba vilivyonuka mauti, chakula kikiwa haba na adui akiwa nje ya lango. Wa Faza jina lake liliandikwa. Wao walihesabiwa tu.

Hapa huenda msomaji akasita, nasi tulisita. Waliokuwa nje walikuwa Waislamu, na Bwana Daud naye alikuwa Mwislamu aliyeshika ngome ya Wareno, wale wale walioiangamiza Faza mwaka 1587. Ni nani basi wa kwetu? Faza na Pate zilikuwa na uhasama wa miaka mingi, na Pate ilielemea Oman. Siasa za visiwa vile hazikwenda kwa dini peke yake. Ama wale wanawake, hatudhani kuna aliyewauliza wanataka kuwa upande gani. Hatuoni haja ya kuwatetea wala kuwalaumu. Twaona haja ya kuwataja.

Septemba 1697 merikebu zilileta askari wapya. Mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya Ngome mwezi uliofuata, na vyombo vilivyoopolewa na wapiga mbizi miaka ya 1970 vimewekwa katika makumbusho. Vita viliendelea hadi Desemba 1698, Waomani walipoingia na kukuta waliosalia hai hawazidi watu wachache sana.

Katika ziara yetu ya mwisho binti mmoja mdogo alituuliza wanawake wale walilala chumba kipi. Hakuna aliyemjibu. Tangu siku hiyo hatuwaachi tena watoto kurukaruka juu ya misingi ile. Tunaketi nao kando, kivulini, tukawasimulia kwanza, kisha ndipo tunapowapeleka kwenye mizinga.