Kidonda Kimepona, Kliniki Usiache

Huenda umewahi kumwona mtu ambaye macho yake yametokeza mbele, kama mtu aliyeshtuka. Wengine husema amerogwa. Si kweli. Huo ni ugonjwa.

Shingoni tuna tezi. Wakati mwingine kinga ya mwili hukosea. Huishambulia tezi hiyo, pamoja na nyama iliyo nyuma ya macho. Nyama huvimba. Mfupa unaoizunguka hautanuki, kwa hiyo jicho husukumwa nje. Daktari Robert Graves wa Ireland aliueleza ugonjwa huu mwaka 1835.

Wagonjwa wengine hupasuliwa. Daktari hutoa sehemu ya mfupa wa tundu la jicho. Nyama hupata nafasi, na jicho hurudi ndani.

Tuseme mama mmoja wa Mzinga, karibu na milima ya Uluguru, amepasuliwa hivyo. Kidonda kimepona. Amerudi shambani. Nauli ni ghali, naye anasema, "Nimepona. Kliniki niende kufanya nini?"

Hapo ndipo penye hatari. Matatizo mengine huja baada ya miezi, hata miaka. Dalili zake ni hizi:

1. Kuona vitu viwili viwili. Njia ya mlimani ikionekana mbili, mtu huanguka.

2. Pua kuziba na uso kuuma. Mfupa uliotolewa huwa karibu na pua. Njia ya makamasi yaweza kuziba, usaha ukajaa.

3. Jicho kutofumba vizuri wakati wa kulala. Hukauka, hupata kidonda, na laweza kupofuka.

4. Jicho kutokeza tena.

5. Kuona kupungua, au rangi kufifia. Hii ni hatari kubwa. Usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali leo.

Mengi ya matatizo haya yanatibika yakiwahiwa. Anayeona viwili huweza kupewa miwani maalum, au kupasuliwa misuli ya jicho. Njia ya makamasi huweza kufunguliwa.

Mgonjwa asivute sigara, maana moshi huuzidisha ugonjwa huu. Asiache vidonge vya tezi bila kuambiwa na daktari. Asitie dawa ya majani machoni.

Tena, atunze cheti cha hospitali. Akifika zahanati, amwonyeshe mganga na kumwambia, "Nilipasuliwa tundu la jicho."

Wewe sasa unajua kusoma. Kama nyumbani kwenu yupo mgonjwa wa namna hii, chukua cheti chake. Msomee tarehe ya kurudi. Kisha msindikize.